Maswali ya Wasomaji: Saa za Jua Ndani ya Picha

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya "Mabalozi" ya Hans Holbein, mchoraji wa karne ya 16, na kudokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba saa ya jua iliyomo ndani yake inaonyesha tarehe 11 Aprili 1533. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, na nyingi kati yake zinauliza mambo ya maana kuhusu saa za jua katika picha nyingine pia. Tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, saa ya jua inawezaje kuonyesha tarehe? Na je, tuamini kwamba tarehe hiyo ndiyo siku picha ilipochorwa? – Mwalimu wa hisabati

Ndugu Mwalimu, inafaa kwanza tuitazame picha yenyewe. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni, ina zaidi ya mita 2 kwenda juu na zaidi ya mita 2 kwenda kando, na leo iko National Gallery mjini London. Kushoto amesimama Jean de Dinteville, balozi wa Mfalme wa Ufaransa nchini Uingereza, na kulia ni rafiki yake Georges de Selve, askofu wa Lavaur. Katikati yao kuna rafu ya ngazi mbili. Ngazi ya juu imebeba vyombo vya kupimia mbingu: tufe la nyota, kipimapembe cha robo duara, na saa za jua, ambazo mbili zinahusu swali lako. Moja ni kigogo chembamba kilichosimama wima, nyingine ni donge lenye nyuso nyingi, kila uso ukiwa na saa yake.

Ile ya kigogo ndiyo inayotaja tarehe. Ubavuni mwake imechorwa mistari ya kupinda ya saa, na kwa kuzunguka imegawanywa kwa miezi. Kichwa chake huzungushwa kwa mkono hadi kijiti kinachochomoza kikae juu ya mwezi na siku ya mtumiaji, kisha kijiti huelekezwa jua lilipo ili kivuli kianguke moja kwa moja chini. Urefu wa kivuli hutegemea jua limepanda kiasi gani, na mstari uliogusana na ncha yake ndio saa. Kwa hiyo saa hii haiambii mtu tarehe. Mtu ndiye anayeiambia saa tarehe, nayo humrudishia wakati. Kijiti kilichochorwa juu ya siku fulani ni ushahidi kwamba kuna mkono uliokiweka pale.

Sasa angalia ugumu wake. Jua hupanda kwa urefu uleule mara mbili kwa mwaka, mara moja likielekea kilele cha kiangazi na mara nyingine likitoka huko, kwa hiyo mstari mmoja hutumika kwa siku mbili. Ndiyo maana wataalamu husoma ama 11 Aprili ama 15 Agosti kwa kalenda ya zamani ya Julius iliyotumika wakati ule. Kumbukumbu za kihistoria ndizo zinazotupa sababu ya kuchagua: de Selve alikuwa London katika majira ya kuchipua ya 1533, na kufikia Agosti alikuwa ameshaondoka. Tena, 11 Aprili ya mwaka huo ilikuwa Ijumaa Kuu. Mwanahistoria John North aliijenga tafsiri ya picha nzima juu ya siku hiyo, akiihusisha na msalaba mdogo wa Yesu unaochungulia nyuma ya pazia kwenye kona ya juu kushoto.

Maoni yangu ni haya. Tarehe ninaikubali, kwa sababu kichwa cha kigogo hakijizungushi chenyewe, na mtu aliyejua chombo hiki aliamua kijiti kikae wapi. Kwamba picha ilichorwa siku hiyo siwezi kukubali, maana ubao mkubwa kiasi kile, wenye zulia, manyoya, vitabu na fuvu lililonyoshwa kiupande, haukamiliki kwa siku moja wala kwa juma moja. Tarehe inatuambia jambo ambalo mwenye picha alitaka likumbukwe, na hilo ni tofauti na cheti cha siku ya kazi.

Saa ya nyuso nyingi ni habari nyingine. Chombo cha aina hiyo kikielekezwa vizuri kaskazini kwa dira, nyuso zote zinazopata jua lazima zitaje wakati mmoja. Hiyo ndiyo fahari yake. Katika picha ya Holbein nyuso hazikubaliani. Kuna wanaosema kutokukubaliana huko ni makusudi, kama ule uzi uliokatika wa kinanda cha nyuzi kilichopo ngazi ya chini, ishara ya ugomvi uliokuwa ukiligawa Kanisa wakati ule. Inawezekana. Lakini nilipotaka kujiridhisha nilikata mchemraba wa kadibodi, nikabandika vijiti vya karatasi kwenye nyuso tatu, nikauweka mezani na kuumulika kwa tochi. Tochi iko karibu mno, miale yake hutawanyika, na kila nikiisogeza kidogo tu vivuli vya nyuso tatu vilihama kwa kasi tofauti, hata uso mmoja ukaingia gizani huku uso mwingine bado unameta. Mchoraji anayefanya kazi ndani ya chumba, kwa mwanga wa dirisha unaobadilika tangu asubuhi hadi jioni, akichora uso mmoja leo na mwingine kesho, angepata matokeo kama haya bila kukusudia fumbo lolote. Jua angani halikutupa kivuli hata kimoja katika picha hii. Kila kivuli kimewekwa na mkono, na kazi yetu ni kuuliza kama mkono huo ulikuwa ukisema jambo au ulikuwa ukinakili tu kilichokuwa mbele yake.

Je, mtu asiye mtaalamu anaweza kujua kama mchoraji alielewa saa ya jua aliyoichora? – Mwanafunzi wa sanaa

Anaweza, ndugu yangu, na ni kazi ya raha ukiwa na rula na kipimapembe. Picha nyingi za bustani zilizochorwa Uingereza tangu karne ya 17 hadi ya 19 zina saa ya jua juu ya nguzo ya mawe, na mara nyingi mchoraji aliiweka kama ishara ya muda unaopita bila kujali ilivyotengenezwa. Mambo matatu humfichua.

La kwanza ni mpangilio wa namba. Kwenye saa inayolala, mistari ya saa haigawanywi sawasawa. Kwa London, iliyo kwenye latitudo ya nyuzi 51.5 hivi, mstari wa saa saba mchana uko karibu nyuzi 12 kutoka mstari wa adhuhuri, wa saa nane nyuzi 24, wa saa tisa nyuzi 38, wa saa kumi nyuzi 54 na wa saa kumi na moja nyuzi 71, hadi wa saa kumi na mbili unaofika 90. Yaani karibu na adhuhuri mistari imebanana, na kadiri jioni inavyokaribia inaachana. Mchoraji aliyegawa kila saa nyuzi 15 kamili alikuwa akifikiria saa ya ukutani yenye mashine. Bila shaka ni lazima ukumbuke kwamba saa iliyochorwa kwa kutazamwa kiupande hubanwa na mtazamo wenyewe, kwa hiyo linganisha upande wa asubuhi na wa alasiri kabla ya kutoa hukumu.

La pili ni bamba la pembetatu linalotupa kivuli. Ukingo wake wa mshazari lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia, na hivyo unainuka kwa nyuzi zilezile za latitudo ya mahali: 51.5 kwa London, karibu 44 kwa Firenze, na kwenye ikweta haupandi kabisa bali hulala sambamba na ardhi. Umbo lile refu la pembetatu ambalo picha zimetuzoesha ni umbo la nchi za mbali na ikweta. Ukiliona limesimama kwenye mandhari ya tropiki, ujue saa ile iliazimwa kutoka picha nyingine. Kijiti kilichosimama wima katikati ya sahani kama mshumaa ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu kivuli chake hakiwezi kufuata mistari ya saa kwa mwaka mzima.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa wachoraji wazuri pia huteleza hapo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, namba za saa ya jua inayolala zinazunguka kwa mwelekeo uleule wa mishale ya saa ya kawaida. Lakini saa iliyo kwenye ukuta unaotazama kusini huenda kinyume. Simama mbele ya ukuta huo: magharibi iko kushoto kwako, na jua la asubuhi likitoka mashariki hutupa kivuli upande wa kushoto. Kufikia adhuhuri kivuli kinaelekea chini kabisa, na alasiri kinapanda kuelekea kulia. Namba za asubuhi kwa hiyo ziko kushoto, adhuhuri iko chini na alasiri iko kulia. Mchoraji aliyeweka adhuhuri juu ya ukuta alinakili uso wa saa ya mnara na kuuondolea mishale.

Ukitaka kuona mchoraji asiyeteleza, rudi kwa Holbein. Mwaka 1528, miaka mitano kabla ya "Mabalozi", alimchora Nicolaus Kratzer, mzaliwa wa Munich na mnajimu wa Mfalme Henry VIII. Picha hiyo iko Louvre mjini Paris. Kratzer ameshika bikari na saa ya nyuso nyingi ambayo haijakamilika, na zana zake za kazi zimetandazwa mezani. Saa hiyo inafanana mno na ile ya kwenye rafu ya mabalozi, na saa ya kigogo inaonekana katika picha zote mbili. Ni vigumu kutoona hapo rafiki aliyemwazima mchoraji vyombo vyake na kumweleza kila kimoja kinavyotumika. Ninapoitazama picha ya Kratzer sioni ishara ya kifo wala ya muda kupotea. Naona fundi aliyekatizwa kazini, na saa ambayo bado haiwezi kutaja wakati kwa kuwa yeye hajaimaliza.

Nimesoma kwamba mozaiki moja ya kale huko Uturuki inaonyesha saa ya jua ikiwa saa tatu usiku. Saa ya jua usiku? Tafadhali nisaidieni. – Msomaji wa siku nyingi

Umeshangaa kwa haki, na lugha yetu inakupa jibu haraka kuliko lugha nyingi. Mozaiki hiyo iligunduliwa Antakya, Antiokia ya kale, na imepata umaarufu kwa sababu ya kiunzi cha mifupa kilichojilaza na kikombe cha divai. Katika sehemu nyingine ya sakafu ileile kuna kijana anayekimbia, na juu ya nguzo kuna saa ya jua. Maandishi yanamtaja kuwa mtu anayekimbilia karamu. Habari zilizosambaa zilisema saa inaonyesha kati ya 9 na 10 za usiku, na aliyetafsiri kwa Kiswahili akageuza 9 hiyo kuwa saa tatu usiku.

Warumi na Wagiriki wa zama hizo walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kumi na mbili hadi linapozama, ya sita ikiwa adhuhuri. Saa yao ya tisa ni saa tisa alasiri, kama tunavyoitamka sisi hadi leo, na ya kumi ni saa kumi. Saa ya tisa mtu alitoka bafuni, ya kumi alitarajiwa mezani. Kijana wa mozaiki amechelewa alasiri, jua likiwaka. Huko Daphne, jirani na Antiokia, kuna mozaiki nyingine ya mtu anayetazama saa juu ya nguzo, nayo maandishi yake ya Kigiriki yanasema kwamba saa ya tisa imekwisha pita. Naona ni utani uliopendwa na wenye nyumba waliowakaribisha wageni vyumbani humo.

Tofauti moja ibaki wazi. Saa zetu zina dakika 60 mwaka mzima, lakini zao zilipatikana kwa kugawa mchana kwa kumi na mbili, uwe mrefu au mfupi, kwa hiyo mjini Roma saa moja ilikuwa karibu dakika 45 katikati ya majira ya baridi na karibu dakika 75 katikati ya kiangazi. Hii ndiyo sababu saa za jua katika mozaiki zina umbo la bakuli lililokatwa. Ncha ya kijiti hutupa kivuli ndani ya bakuli, na mistari iliyochongwa humo inapanuka na kubanana kufuatana na majira. Mfano mzuri uko kwenye jumba la makumbusho la Napoli, katika mozaiki ya Pompeii inayojulikana kama Chuo cha Plato: wanaume saba wamekusanyika chini ya mti, na nyuma yao kuna nguzo yenye saa ya bakuli. Huko Trier, Ujerumani, mozaiki nyingine inaonyesha mzee mwenye ndevu aliyeshika saa ya jua mkononi, na wengi humtambua kama Anaximander, mwanafalsafa wa kale wa Kigiriki. Waliotengeneza mozaiki hizi walikuwa wakipita kando ya saa kama hizo kila siku, na inaonekana: hakuna aliyehitaji kubuni umbo.

Katika "Beata Beatrix" ya Rossetti kivuli kiko kwenye tisa. Je, hiyo ni saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri? – Msomaji anayependa ushairi

Swali zuri mno, na jibu langu ni kwamba mchoraji alitaka namba kuliko wakati. Dante Gabriel Rossetti aliichora picha hii kati ya mwaka 1864 hivi na 1870. Iko Tate Britain, London. Anamwonyesha Beatrice, mpendwa wa Dante, mshairi wa kale wa Italia, amefumba macho wakati wa kufa kwake, kwa sura ya Elizabeth Siddal, mke wa mchoraji, aliyefariki mwaka 1862. Nyuma yake kuna saa ya jua, na kivuli kimekaa kwenye 9.

Katika kitabu chake "Vita Nuova", mshairi Dante aliizunguka namba tisa kwa uchaji. Anasema alimwona Beatrice kwa mara ya kwanza wote wawili wakiwa na umri wa kama miaka tisa, kisha baada ya miaka tisa akapokea salamu yake saa ya tisa ya mchana, na kifo chake mwezi Juni 1290 anakihusisha na namba hiyohiyo. Saa ya tisa ya Dante, kwa hesabu ya kanisa, ni saa tisa alasiri. Tisa ya sahani ya saa ya jua ya kisasa ni saa tatu asubuhi, kwa kuwa saa hizo huanza kuhesabu usiku wa manane. Rossetti aliziacha hesabu mbili zikutane kwenye namba moja. Ukimdai jibu la mnajimu utakuwa umemdai asichoahidi, kwani hata mwanga wa picha unatoka nyuma ya kichwa cha Beatrice kama mwanga wa sala, na hauwezi kuwa ndio uliotupa kile kivuli. Mimi binafsi hainipunguzii chochote. Kivuli kile kimewekwa na mjane aliyejua alichotaka kukitaja.

Saa ya jua aliyoichora Salvador Dalí ukutani Paris inafanya kazi? – Msomaji aliyesafiri

Haifanyi, ndugu. Ipo kwenye nyumba namba 27 ya rue Saint-Jacques tangu mwaka 1966, na ni uso wa mtu uliounganishwa na gamba la kombe, alama ya mahujaji wa Santiago, Hispania, waliokuwa wakiipita barabara hiyo. Ukisimama chini yake, tazama mistari ya gamba: imepangwa kwa uzuri wa kombe, bila kufuata latitudo ya Paris.